Msumari wa Saba kutoka Chini

Nilifunga safari kutoka Kibiti hadi Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam hadi kwetu delta, kwa ajili ya msumari mmoja wenye kutu. Nasema mapema, msomaji asije akadhani nilikuwa na shughuli ya maana zaidi. Kazi yangu ni kuuza vitu vya nyumba vilivyokwishatumika: milango, madirisha, bati, masinki. Misumari yenye kutu ninayo debe zima nyuma ya banda. Ila shangazi yangu, Mwanaisha, hakuutaka wa kwenye debe.

Nyumba yetu ya delta ilikuwa na mlango wa nakshi. Aliuweka babu, enzi zake za kuuza boriti za mikoko. Upande wa ndani ulisimama mfaa, ule mti wa katikati ambapo mbawa mbili za mlango hukutana. Kila mtoto aliyezaliwa humo, siku ya arobaini yake, mwanamke mkubwa wa nyumba alimpigilia msumari kwenye mfaa, kuanzia chini kupanda juu. Ilifika kumi na minane. Wa nane ni wangu. Wa saba ni wa Sele, mtoto pekee wa Shangazi, aliyeishi mvua mbili tu akachukuliwa na homa. Kaburi lake mto umelila pamoja na ukingo. Picha hakuwahi kupigwa.

Mlango huo niliuuza mimi.

Ni miaka ishirini na sita sasa. Nilikuwa kijana, mdomo mwepesi. Mnunuzi alikuja na boti, akatamka bati kumi na mbili. Nikamzungusha siku mbili mpaka akatoa ishirini na nne, na kofia za paa juu yake. Nilizihesabu mara mbili. Shangazi alikuwa Mafia arusini, nami nilitaka arudi akute paa linang'aa. Akarudi. Akatazama juu, akatazama mbele palipokuwa na mlango, panapepea mkeka. Akasema, "Bati nzuri." Basi. Kimya chake nikakihesabu kuwa ni kuridhika. Katika hesabu zangu zote, hiyo ndiyo pekee ambayo sikuirudia.

Mwaka huu dereva mmoja mteja wangu alinionyesha picha kwenye simu: mlango unashushwa nyuma ya hoteli moja ya Dar yenye kasino. Juu yake, samaki mwenye mikia miwili. Nikaishiwa pozi. Fundi aliyeuchonga alikosea mkia wa kwanza, akachonga wa pili pembeni, na babu, kwa ninavyosimuliwa, akagoma kulipia mkia wa ziada. Samaki wa namna hiyo hawako wawili duniani.

Nilimpigia Shangazi.

"Mlango siutaki, mwanangu," akasema. "Utakaa wapi na mbao za nyumba zimechoka hivi? Niletee msumari wa saba kutoka chini."

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, Kibiti. Nilipanda fuso la nazi linalokwenda Mbagala. Mkobani nilitia shati la kubadili, koleo na nyundo ndogo. Dereva, mtu wa Nyamwage, alitaka mazungumzo.

"Mzee, Dar kuna nini?"

"Nakwenda kasino."

"Kasino! Na hizo mvi?"

"Nakwenda kung'oa msumari."

Hakuuliza tena kitu mpaka Bungu. Hapo, mkono wa kulia, inachepuka barabara ya Nyamisati, bandari ya kuingilia kwetu. Niliigeukia mpaka shingo ikauma. Mtu akikaa sana mjini hudhani nyumbani kumekwisha kumtoka; kumbe kunamngoja kwenye njia panda.

Saa nne asubuhi, Dar es Salaam. Hoteli iko karibu na bahari, ina vioo vingi kuliko mji mzima wa Kibiti. Mlinzi alipitisha mkoba wangu kwenye mashine, akainua koleo kama aliyekamata nyoka.

"Mzee baba, hii ya nini?"

"Ya kazi."

"Kazi gani kasino?"

"Yako ni kuzuia, yangu ni kung'oa. Kila mtu na riziki yake."

Alicheka, ila koleo na nyundo vikabaki kwake. Akampigia simu mwangalizi wa vitu vya kale, Bi Stella, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilimwambia nanunua na kuuza milango, na kwamba mmoja wa ndani nimezaliwa nyuma yake. Alinitazama viatu, kisha uso.

"Twende. Lakini humo hakuna kupiga picha."

Ukumbi wa kuingilia ulikuwa ghala langu, ila limeoshwa na kuvishwa suti. Kengele ya meli. Sefu ya mkoloni. Vyerehani vitatu vya mguu. Madirisha ya kimiani, na nguzo za mawe zilizotolewa kwenye nyumba fulani ya pwani. Nilizihesabu nguzo: kumi na moja. Nikarudia: kumi na moja.

"Nguzo huja kwa jozi," nikamwambia. "Ya kumi na mbili iko wapi?"

Bi Stella akasimama. "Ilivunjika ikishushwa. Wewe wa kwanza kuuliza."

Kuanzia hapo akaniita mzee wangu.

Kasino yenyewe haina dirisha wala saa ya ukutani. Nilishajisemea moyoni: kamari haramu, lakini kumtembelea ndugu si haramu. Na ndugu alikuwepo. Wameusimamisha katikati ya ukumbi juu ya chuma, watu wauzunguke. Mlango uliokuwa ukitenga sebule yetu na mto sasa hautengi kitu: mashine za kamari upande huu, mashine za kamari upande ule. Samaki na mikia yake miwili aliogelea juu ya taa nyekundu. Kibao chini kilisema: Mlango wa Kasri ya Sultani.

"Sultani gani?" nikauliza.

"Ndivyo tulivyouziwa."

"Sultani huyo alikuwa muuza boriti, na alikuwa akilala na mkeka mmoja."

Nilizinusa mbao. Zamani ukiweka pua hapo unapata udi, moshi wa kuni na matope ya maji yanapopwa. Sasa zilinuka vanishi. Nilisimama hivyo muda, mtu mzima na pua yake mlangoni, na Bi Stella, Mungu amlipe, akajifanya anasoma kibao.

Kisha nikazunguka nyuma, kwenye mfaa. Misumari haikuwepo. Matundu yamezibwa kwa lipu ya mbao, yamepakwa rangi, yamelingana. Nikaanza kuhesabu viraka vya rangi kutoka chini. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Halafu kidole gumba changu kikagusa chuma.

Nikaendelea mpaka juu, nikarudia. Matundu kumi na saba. Msumari mmoja.

"Huo ulimshinda fundi," akasema Bi Stella. "Umeingia kwenye fundo la mti. Alisema akiulazimisha, mfaa wote utapasuka. Mingine tuliitoa, ilikuwa inatia doa."

Nilimweleza kuhusu Sele. Kisha nikafungua mnada, kwa sababu sijui kuomba kwa njia nyingine.

"Niazime koleo langu, dakika tano."

"Siwezi, mzee wangu. Mfaa umo kwenye daftari. Ukipasuka, napasuka nao."

"Dakika mbili."

"Si suala la dakika. Ungekuwa wako, ungeulazimisha?"

Hapo alinishika. Nimeng'oa milango maisha yangu yote. Fundo la mti nalijua. Ningeupasua.

"Na ile kumi na saba? Imo daftarini?"

Akafikiri. "Misumari yenye kutu haiandikwi." Akaenda ofisini, akarudi na kopo la maziwa ya unga. "Nilishindwa kuitupa. Ilikuwa imepangwa sana, si ya bahati mbaya. Nikupe nipate nini?"

"Nakupa babu yangu. Uandike kibao cha kweli."

Tukakaa. Nilimpa babu, boriti, fundi na mkia wa pili, siku ya arobaini, na yule kijana wa bati ishirini na nne, ambaye sikumficha jina. Aliandika kurasa nne. Nilizihesabu akiandika.

Kabla ya kutoka nilirudi kwenye mfaa, nikaweka tena kidole gumba juu ya Sele. Kichwa cha msumari kilikuwa cha baridi na kimelika upande mmoja. Nilikaa naye kidogo. Tuliachana wote wawili hatujajua kusema.

Jumanne, saa tano asubuhi, Nyamisati. Maji yalikuwa yamepwa, boti zimelalia matope, na nahodha akasema tungoje yajae. Nikangoja juu ya gunia la mchele na kopo mapajani. Hapo ndipo roho ya mfanyabiashara iliponiingia. Misumari kumi na saba ninayo, yote ya urefu mmoja, yote imekula kutu. Nikichagua mmoja nikasema ndiye, nani atanipinga? Kutu haina jina. Shangazi ataufunga kwenye pindo la kanga, atalala usingizi wake, na mimi nitakuwa nimelipia paa. Nilichagua kabisa. Niliutia mfuko wa shati.

Boti iliingia mikono ya mto, mikoko huku na huku, kaa wakikimbilia matundu yao. Kila kona niliijua. Kila kona ilikuwa imesogea.

Saa kumi jioni, nyumbani. Bati zangu zimeshika kutu nazo. Mbele, mlango wa mbao za kopoa, zile za kuokoteza, uliokazwa kwa mti mmoja wa mshazari. Shangazi alikuwa barazani anasuka ukili.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja nao?"

Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe. Akaninyooshea kiganja, akakiacha wazi kikingoja. Nikautoa msumari, nikaurudisha ndani ya kopo na wenzake.

"Hii ni kumi na saba," nikasema. "Wangu umo. Wa Sele haumo. Umegoma kutoka. Umeshika fundo, fundi mzima kashindwa."

Nilingoja anipige kwa ukili. Akanitazama sana.

"Umegoma?"

"Umegoma."

Akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, na kufuta hakukuisha kicheko kilipoisha.

"Mbishi yule," akasema. "Siku tatu nilimzaa, hataki kutoka. Wakunga wawili walichoka miye nikiwatazama. Uliugusa?"

"Niliugusa."

"Kidole gani?"

Nikamwonyesha gumba. Akakishika kwa mkono wake wote, kama mtoto anavyoshika, akakaa nacho. Mbu walianza kutoka kwenye mikoko. Sikukitoa.

Baadaye akaomba nyundo; ile niliyorudishiwa na mlinzi ilikuwa mkobani. Nikainuka nimpigilie, akanipokonya. "Weye nani? Hii kazi ya mwanamke mkubwa wa nyumba." Akaanza chini ya ule mlango wa kopoa, polepole, mmoja mmoja, akivuta pumzi kati ya mmoja na mwingine. Alipomaliza wa sita, akapima upana wa vidole viwili, akaacha pengo. Akaendelea na wa nane.

"Huu wako," akasema. Hatukuwa na njia ya kujua kama ndio. Sikubisha.

Nilikwenda kutengeneza safari ya kurudi Kibiti huku nikijua kitu kimoja ambacho biashara haikunifundisha: kabla hujauza mlango, geuka uutazame kwa ndani. Asubuhi, kabla boti haijaondoka, niliihesabu misumari. Kumi na saba. Nikarudia, na mara hii nikalihesabu na pengo.

Kumi na minane.