Fundo la Mgongoni

Kilichoninyima usingizi ni fundo. Kama ningelifunga kwa mbele, chini ya kitovu, je, ningekuja kuzaa? Nilikuwa na digrii. Nilifundisha biolojia katika shule ya wasichana, nikachora mfuko wa uzazi ubaoni kwa chaki za rangi, na bado nililala kwa ubavu, maana chali sikuweza, nikijiuliza kama kamba inaweza kuufunga.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwaka wangu wa kwanza wa kazi Isiolo. Nilipanga chumba mtaa wa Chechelesi, katika ua wa mama mmoja Mborana aliyeuza maziwa. Pedi nilizotoka nazo Nairobi zilipoisha, nilikwenda dukani mara tatu na mara zote nikarudi na sabuni. Wanaume walikaa pale barazani wakitafuna miraa tangu adhuhuri, na mimi singeweza kutaja kitu kile mbele yao. Mama mwenye nyumba aliona sabuni zinavyozidi, akaelewa. Alichana shuka kuukuu vipande vipande, akavikunja, akanipimia kamba kiunoni. Kitambaa kilipita katikati ya miguu, kikashikwa na kamba mbele na nyuma. Kamba yenyewe akaikaza mgongoni, mafundo mawili, moja juu ya jingine.

"Usifunge mbele, intala," aliniambia, yaani binti kwa lugha yao. "Ukifunga mbele unafunga watoto."

"Mama, watoto hawafungwi na kamba."

"Wewe uko na wangapi?"

Sikuwa na hata mmoja. Yeye alikuwa na saba. Mjadala ukaishia hapo.

Vitambaa nilivifua alfajiri na kuvianika ndani, chini ya kanga, kwa sababu uani walipita wateja wa maziwa. Bila jua vilikauka vibaya, vigumu kama ngozi ya mbuzi, vikanichubua mapajani. Basi nikawa natembea miguu imeachana kidogo, na ili watu wasione natembea hivyo, nikabana tumbo na kubinua mgongo. Viti vya ofisi ya walimu vilikuwa na ubao mmoja tu wa kuegemea, na ubao huo ulilikuta fundo barabara. Nikiegemea, linachimba. Nisipoegemea, kiuno kinawaka. Darasani mwalimu hakai. Siku ya pili ya kila hedhi nilikuwa nikishika meza ili nigeuke.

Lililonikera zaidi ya maumivu ni neno. Pale shuleni, na mjini pia, hedhi iliitwa mgongo. Msichana akitaka kutoka darasani alisema, "Mwalimu, mgongo," akaruhusiwa, na hakuna aliyeuliza zaidi. Lilikuwa neno la heshima, lilikuwa limewasitiri wengi. Mimi lilinifungia mlango. Ningeuelezaje mgongo ulio mgongo?

Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa ya kwenda hospitali.

"Mgongo tena, mwalimu?" Akatazama ukutani. "Huo wako unafuata kalenda."

Wenzangu walicheka ndani ya vikombe vya chai. Nikacheka nao, na hilo la kucheka nao lilinikasirisha wiki nzima.

Hospitalini nilisema ni mgongo, na daktari hakuinua kichwa.

"Umeanza lini?"

"Juzi."

"Basi kesho kutwa utakuwa umeisha, dada. Kunywa maji mengi."

Akanipa vidonge. Njiani nilitunga majibu matano mazuri ya kumpa, yote yamechelewa. Kisha nikaanza kufikiri kwamba labda alisema kweli, au labda ni figo, labda ni uti wa mgongo unaooza, labda ni adhabu ya jambo nisilolikumbuka. Kuhusu fundo lenyewe niliogopa kufikiri, kwa sababu dawa yake niliijua. Ingetosha kulihamisha. Nililihamisha mara moja chumbani, nikakaa nalo mbele kwa muda wa kuchemsha chai, nikalirudisha nyuma. Vipi kama ni kweli? Nani angenirudishia?

Mwezi uliofuata, nikiwafundisha kidato cha tatu, chaki ilianguka. Niliinama kuiokota na sikuweza kuinuka. Nilibaki pale, mkono mmoja sakafuni, nikitazama viatu vya msichana wa mbele.

"Mwalimu ako na mgongo," mmoja alinong'ona, kwa huruma. Nikasikia viti vikisogea. Walikuwa wakilitazama gauni langu kwa nyuma kama limechafuka. Darasa zima liliangalia doa lisilokuwepo, na hakuna aliyekuja kuniinua, maana kwa adabu yao hilo lilikuwa jambo la kugeuzia macho.

"Nina hedhi," nilisema nikiwa bado nimeinama. "Na mgongo unaniuma. Ni mambo mawili. Njooni mnishike."

Mmoja akacheka kwa mshtuko, wawili wakaja, wakanishika kwapani, nikasimama.

Niliingia chumba cha vifaa nyuma ya maabara, nikaufunga mlango kwa kitasa. Sikuwa nimesadiki chochote. Kama mtu angeniuliza wakati ule kuhusu mfuko wa uzazi na kamba, nisingeweza kuapa. Nililifungua lile fundo kwa kucha, nikaizungusha kamba, nikalifunga mbele, nikalikaza. Kisha nikabeba kiti cha mbao kilichokuwa pale, nikakiweka mbele ya ubao, nikaketi, nikafundisha.