Mtungi wa Joka

Harufu ya maziwa yaliyotiwa moshi hunirudisha mtaa wa Highview, mjini Louisville, Marekani, kwenye fleti yetu ambamo king'ora cha moshi kilipiga kelele hata tukipika chapati tu.

Mama alikuwa akimhudumia kizee mmoja Mmarekani, Bibi Ruthi. Alimwogesha, akamlisha, na kwa Kiingereza cha kuokoteza walicheka kutwa. Siku moja Bibi akampa mtungi wa kauri wa Kichina aliourithi, wa manjano kama kiini cha yai, umezungukwa na joka la kijani lenye kucha tano kila mguu. “Usiufungie kabatini,” alimwambia. “Tia humo kitu unachokipenda.”

Jirani yetu wa kanisani alipouona, akaanza kukemea pepo. Mama akacheka. “Joka ya Ufunuo iko na vichwa saba. Hii iko na moja tu, donc haina shida.”

Sasa, mama angependa nini kama si maziwa? Kwetu Kongo, milimani Kivu ya Kusini, chombo cha maziwa hufukizwa kwanza ili maziwa yanukie. Alitaka kumpelekea Bibi maziwa ya kuganda ndani ya mtungi wake mwenyewe. Basi akatia makaa ya moto, akafunika, nami nikakipepea king'ora kwa kitenge huku nikicheka. Ta! Joka likapasuka katikati.

Mama akakaa chini jikoni. “Nitamuangalia na macho gani?”

Hakurudi tena kwa Bibi. Alienda kupakia maboksi ghalani. Simu ya Bibi ilipoita, aliilaza kifudifudi mezani mpaka inyamaze. Msinicheke, mimi nilidhani tunatafutwa na polisi.

Simu zikakoma. Baadaye tulikutana dukani na binti wa Bibi Ruthi, akatuambia Bibi amefariki. “Alikuulizia mpaka mwisho,” alimwambia mama.

Mwaka jana, kwenye jumba moja la makumbusho mjini Columbus, niliona mtungi kama ule ndani ya kabati la kioo. Maandishi yalisema ni wa kasri la mfalme wa Uchina. Nikampigia mama, nikijua ataulilia. Mama hakuulizia mtungi hata kidogo; alizitaja tu zile simu za Bibi. Lo, hapo ndipo nilipoelewa, na roho ikaniuma. Bibi hakujua hata kwamba umevunjika. Alikuwa akimtaka mama tu.

“Bon,” mama akasema, “ningemupelekea maziwa hata mu galoni ya plastiki.”