Mvua Ndani ya Stoo ya Kahawa

Jana nilirudia filamu moja ya zamani ya Hollywood, isiyo na rangi, iliyowahi kushindania tuzo kubwa. Mvua ilipoanza kunyesha ndani yake, nikasikia harufu ya magunia ya kahawa.

Nilikuwa mdogo. Huko kijijini kwetu Kanja, mwalimu wetu alituonyesha, watoto na kina mama, filamu hiyo mchana, kwenye shuka jeupe ndani ya stoo ya kahawa, madirisha yamezibwa kwa magunia. Katikati ya hadithi radi ikapiga, mvua ikamwagika. Cucu, nyanya yangu, akasimama ghafla.

"Wee! Kahawa iko nje!"

Kina mama wote wakatoka mbio kwenda kufunika meza za kuanikia, nami nyuma yao. Nje jua lilikuwa linachoma. Hakukuwa na hata tone.

Hakuna aliyecheka. Cucu alirudi ndani polepole, akalisogelea lile shuka, akanyoosha mkono. Mvua ikamnyeshea vidoleni, ikamshuka mpaka kwenye kiwiko.

"Ni kavu," akatuambia kwa kunong'ona, kama yuko kanisani.

Jana niliweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta. Mvua ikapita nyuma ya vidole vyangu.