Mjomba wa Kwenye Riwaya

Mimi na mwalimu mwenzangu tulibishana wiki nzima juu ya riwaya moja ya zamani ya Kimarekani. Ndani yake mkulima anauza shamba bila kumuuliza mtu, anawahamishia mke na watoto mbali, na wanaishia kwenye ufukara. Mwenzangu alimwita shujaa. Mimi nilimwita mbinafsi, na sikurudi nyuma hata hatua moja.

Jumamosi nilikwenda Nanyamba kumsaidia mama mdogo kubangua korosho, nikamsimulia kisa chote ili aniunge mkono. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mjomba wa hao watoto alikuwa wapi?"

Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, haendi popote mjomba asipojua. Nilicheka. Nikafungua kitabu kumwonyesha kwamba Wamarekani hawana mambo hayo, na mjomba nikamkuta. Ukurasa mmoja tu: kaka wa mke anapakia masanduku kwenye gari la farasi, halafu anawapungia mkono.

"Basi unamshitaki mtu siye," alisema mama mdogo, akaokota korosho nyingine.

Bado nasema yule mkulima ni mbinafsi. Ila sasa nimemweka wa pili.