Usukani Nilioupeleka Kushoto

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado nashindwa kuipanga sawasawa kichwani, na umri wote huu. Ni ile asubuhi mama yangu alipovaa kitenge chake kipya, akabeba kikapu, akatoka nje kupanda gari nililomfufulia, kisha akarudi ndani akavua viatu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nimesikia umemwita fundi aje aliangalie gari la marehemu baba yako, lile lililolala hapo kwenu Kinyinya mpaka nyasi zimefika kwenye milango. Sikukatazi. Nimekuita tu ukae, unywe chai, unisikilize kwanza, maana fundi akishafungua boneti hutanisikia tena. Nakujua. Mimi nilikuwa hivyohivyo.

Sisi tulizaliwa Ngara, upande wa Tanzania. Baba alinunua pikapu hukohuko, na ndiyo iliyotuleta Kigali na magodoro yetu juu. Usukani wake ulikuwa kulia, kama magari ya kule, kwa sababu kule watu wanaendesha kushoto mwa barabara. Hapa tunaendesha kulia. Baba aliiendesha hivyohivyo miaka mingi, yeye kakaa upande wa mtaro, mama kakaa kushoto kwake, katikati ya barabara kabisa. Baba alipofariki, pikapu ikasimama nyuma ya nyumba yetu Gikondo, na ikasimama miaka tisa. Kuku walitagia humo, panya nao wakahamia. Kila Jumamosi mama alichukua kitambaa akafuta kioo kimoja tu, cha mlango wa kushoto, na gari lote lililobaki akaliacha na vumbi lake. Nilimwona mara nyingi sana. Nikajisemea ni uzee, nikapita zangu.

Basi ikaja habari kwamba dada yake, mama mkubwa, aliyebaki Ngara, anaumwa na anamtaja. Nikamwambia mama nitamkatia tiketi ya basi. Akasema, "Basi linanitapisha. Gari ya baba yenu ipo." Mwanangu, nilifurahi! Nilikuwa kijana, nina leseni mpya, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa naitamani ile pikapu. Kesho yake nikamleta fundi Donati, mwenye karakana hapo Gikondo chini, mtu aliyekulia Bujumbura, mwenye mikono mizito na maneno mengi.

Donati alizunguka gari mara mbili, akapiga bodi kwa ngumi. "Hii gari iko nzima, kijana. Vyuma vya zamani havifi. Shida iko moja tu, usukani iko pahali mubaya." Tukalivuta hadi karakana. Tukakuta petroli imeoza ndani ya tangi inanuka kama rangi, kabureta imeziba, mipira ya breki imepasuka, na panya wametafuna nyaya zote za taa. Kila jioni nilitoka kazini nikaenda kumshikia spana. Na wakati dashibodi iko chini, Donati akaniuliza, "Tuhamishe usukani sasa? Uendeshe kama watu?" Nikasema hamisha. Akakata chuma, akachomelea, akahamisha pedali na kila kitu. Nikamkataza asimwambie mama, nilitaka nimshangaze. Tulifanya kazi wiki sita, na siku injini ilipowaka Donati alinikumbatia tukachafuana grisi, tukicheka kama wehu.

Ndipo ikafika ile asubuhi. Habari za Ngara zilikuwa zimezidi kuwa mbaya, kwa hiyo safari ilikuwa siku hiyohiyo. Nimeliosha gari linang'aa, nimelisogeza mlangoni. Mama akatoka, akaenda moja kwa moja mlango wa kushoto, akaufungua. Akauona usukani. Akasimama. Akaufunga mlango polepole, akazunguka mbele ya gari, akatazama kiti cha kulia, akarudi tena kushoto, kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani akidhani ni yake.

"Sasa mimi nikae wapi?" akaniuliza.

"Kulia, mama. Kiti ni kilekile tu."

"Huko nitaona nini?"

Mama alizoea kusema Kinyarwanda siku zote. Kiswahili cha Ngara kilimtoka akiwa ameumia. Nilipokisikia nikajua nimeharibu, lakini nini? Wallahi sikujua. Gari linawaka, breki zinashika, na kiti nimekivalisha kitambaa kipya. Yeye akaingia ndani akavua viatu, akakaa kitandani na kikapu chake mapajani.

Nilikimbilia kwa Donati. Akaniambia wazee wanaogopa vitu vipya, nimpe muda atazoea. Nikamwuliza jirani yetu, akasema labda nimegusa kitu cha marehemu bila kusomesha misa. Nikafikiri labda ni rangi ya kitambaa! Usicheke, nilikibadilisha. Siku ya pili nikarudi karakana nikamwambia Donati arudishe usukani kulia, akanitazama kama nimerukwa na akili, akasema hiyo ni kazi ya wiki tatu nyingine. Nikarudi nyumbani kichwa kinauma. Mama anakula, anasali, ananijibu vizuri nikimsalimia, na kikapu bado kimefungwa. Na huko Ngara mgonjwa anasubiri. Nilichanganyikiwa mpaka nikaanza kumkasirikia.

Siku ya tatu akaja shangazi, dada yake baba. Nikamweleza yote, nimejaa malalamiko: jasho langu, wiki zangu sita, na shukrani yenyewe ndiyo hii. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Fundi umemwuliza?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na jirani?"

"Ndiyo."

"Na mama yako?"

Nikageuka, nikatazama mlango wa chumba cha mama. Akasema, "Siku tatu unazunguka Gikondo nzima unatafuta jibu, na mwenye jibu amekaa chumba cha pili. Una akili wewe kweli?" Mwanangu, niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikaingia, nikapiga magoti. "Mama, nimekosea nini?"

Alichukua kikapu chake. Akavaa viatu. "Washa gari. Utajua tukishavuka mpaka wa Rusumo."

Safari ya kwenda mpakani ilikuwa tamu, na bado sikuelewa kitu. Nilipita malori kwa raha, naona barabara yote mbele yangu mwenyewe. Nikajisifu hata: "Unaona, mama? Usukani ukiwa huku mtu anajionea." Akajibu, "Naona," akaweka mikono mapajani, akatazama mtaro.

Tukavuka daraja la Rusumo. Hapo barabara inabadilika, unahamia kushoto. Tukaanza kupanda milima, na mbele yetu likawa lori refu la saruji linatambaa. Nikataka kulipita. Nikachungulia, nikaona matako ya lori tu. Nilikuwa nimekaa upande wa mtaro, mwanangu, kama baba miaka yake yote ya Kigali! Nikasogea kidogo katikati nione, na basi likatokea mbele linapiga honi. Nilirudi nyuma ya lori roho mkononi. Nikakanyaga breki, nikaegesha pembeni.

Mama hakupiga kelele. Alingoja nitulie, akasema, "Baba yako hakuwahi kupita gari Rwanda bila mimi. Hata moja. Yeye alishika usukani, mimi nikashika njia. Nilisema ngoja, akangoja. Nilisema nenda, akaenda, bila kuona chochote." Akafuta kioo cha upande wake kwa ncha ya kitenge. "Wewe ulipouhamisha ulidhani unaondoa kasoro. Uliondoa kazi yangu."

Nililia, sikufichi. Nililia nimeshika usukani ule niliojivunia.

"Basi, twende," akasema. "Dada yangu anangoja." Tukalifikia lori lilelile. Mama akasogea, paji la uso karibu na kioo. "Ngoja," akasema. "Ngoja. Kuna pikipiki. Ngoja. Haya, nenda." Nikaenda, sioni kitu, naisikia tu sauti yake. Tulipita malori saba hivyo mpaka Ngara, na sauti yake ilizidi kuchangamka kila tulipopita moja.

Mama mkubwa tulimkuta hai. Lakini alikuwa ameacha kusema tangu jana yake. Alimshika mama mkono, akamtazama, midomo inatikisika, na hakuna neno lililotoka. Siku nne baadaye tulimzika. Alichotaka kumwambia mdogo wake hatukukijua, na mpaka leo hatukijui. Mama hakunilaumu hata mara moja. Mimi ndiye ninayehesabu zile siku tatu nilizozunguka, na sijui kama niliziiba mimi au zingepotea hata hivyo. Nimezeeka nikiwa sijui.

Sasa sikiliza, mwanangu, hili ndilo lililonifanya nikuite. Fundi wako atakuonyesha kila kilichoharibika kwenye lile gari, naye atakuwa anasema kweli. Lakini hajui nani alikaa wapi. Mama yako yupo, yu mzima, anasikia. Kabla spana haijagusa nati moja, mchukue mama yako, fungua milango yote, mwambie akuonyeshe alivyokuwa akisafiri na baba yako. Mwulize kipi kibaki kilivyo, hata kama kwako wewe ni kibovu. Akinyamaza, usiende kwa jirani. Kaa naye mpaka aseme. Na ukishakosea, kama nilivyokosea mimi, mwendee siku hiyohiyo. Usingoje ya tatu.

Nenda sasa, chai imekwisha. Mungu na alibariki gari hilo na mikono itakayoliamsha. Akupe mtu wa kukaa upande ule ambao wewe huoni, akupe na masikio ya kumtii akikwambia ngoja. Na siku atakayokwambia nenda, ufike uwakute unaowaendea wakiwa bado wanaongea.