Maana ya "Look After"

Juzi mjukuu wangu aliinua kichwa kutoka kwenye kitabu chake cha Kiingereza, akaniuliza "look after" maana yake nini. Nikamjibu ni kutunza, kisha nikatoka nje. Ngoja nikusimulie kwa nini.

Nilisoma katika kijiji kimoja nje ya Kasulu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati watu wa Burundi walipokuwa wakivuka mpaka kukimbilia kwetu. Asubuhi zilikuwa za ukungu na baridi ya kuuma vidole, na nyumba ya bibi yangu ilinukia maharage ya mawese. Mwenzangu wa dawati alikuwa binti wa Kirundi, aliyekuja na mama mgonjwa na mdogo wake wa kiume, mtoto wa kubebwa. Tulielewana upesi, maana Kiha, lugha yetu, na Kirundi ni ndugu. Kila asubuhi alimwacha mtoto kwa bibi. Tukitoka shule alikimbia kumchukua, amfunge mgongoni kwanza, ndipo naye ale.

Mwalimu alipofundisha maneno yale, wengi tulijibu ni kutazama baadaye. Akacheka, akamnyooshea kidole mwenzangu. "Mwangalieni huyu na mdogo wake. Maana yake ndiyo hiyo."

Masika yale surua ikaingia. Mtoto hakumaliza wiki. Alizikwa nyuma ya migomba ya bibi, kwa kuwa wao hawakuwa na ardhi.

Binti aliporudi darasani tulikuwa tunajifunza wakati uliopita. Mwalimu, bila kufikiri, akamtaka atunge sentensi kwa maneno yaleyale. Akasimama, akasema kwa Kiingereza kwamba anamtunza mdogo wake. Mwalimu akamkumbusha taratibu kwamba sentensi iwe ya wakati uliopita.

"Hapana, mwalimu," alisema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Bado namtunza. Nang'oa majani pale kila siku."

Mwalimu akageukia ubao, akaanza kuufuta.

Kiangazi, lori likaja kuwapeleka wakimbizi kwenye makazi ya mbali, upande wa Tabora. Binti hakulia. Alimshika bibi mikono yote miwili, akamwomba asiache majani yaote.

Bibi hakuacha. Hata mgongo ulipopinda alikwenda na jembe lake. Alipofariki, wajomba wakauza shamba. Mwaka jana nilifika pale. Migomba imeng'olewa, mikaratusi imejaa kutoka barabarani hadi mtoni. Nilizunguka katikati ya miti ile muda mrefu nikilitafuta kaburi, na sikujua nisimame wapi.