Khelef Anaulizwa Kuhusu Sarim

Siku ya Alhamisi madam Raghad alishuka kwenye gari lake, akaenda moja kwa moja hadi banda namba saba. Khelef alikuwa amesimama pale na ndoo ya maji mkononi. Sarim, farasi mdogo mwekundu, alikuwa ametoa kichwa juu ya mlango, anachezea fundo la kamba kwa midomo. Madam alimtazama farasi, kisha akamtazama Khelef.

"Wewe ndiye uliyemlea Mirwad," alisema. "Wote wanaonipigia hadithi za Mirwad hawakuwahi hata kumshika lijamu. Niambie wewe. Huyu ni kama yeye?"

Khelef aliiweka ndoo chini. "Nipe siku mbili tatu, madam."

"Jumapili basi. Jumatatu ndiyo mwisho wa kuandikisha majina ya mbio za Machi."

Akaingia garini akaondoka. Khelef aliichukua ndoo, akamnywesha farasi ambaye alikuwa ameshanywa.

Khelef alitoka Wete, Pemba, akiwa na miaka ishirini na minne. Kwao mnyama mkubwa aliyemjua alikuwa ng'ombe wa gari. Alikuja Dubai kufagia, na kazi ya kufagia ikamfikisha kwenye mabanda ya farasi ya tajiri mmoja, baba yake madam Raghad. Mwaka wa pili alipewa brashi. Wa tatu akapewa farasi wake mwenyewe wa kumtunza, akawa saisi: mtu anayemlisha farasi, anayemsugua, anayemtembeza, na ndiye wa kwanza kujua akiumwa. Sasa alikuwa na miaka arobaini na tisa, na masaisi wote kumi na moja wa pale walikuwa chini yake. Wenziwe wa zamani walikuwa wamerudi makwao, mmoja Sudan, wawili India. Tajiri mwenyewe alikuwa amefariki, mabanda yakawa ya madam, na Mirwad pia alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa tumbo. Kwa hiyo kila mtu aliyetaka kujua Mirwad alikuwaje alikuja kwa Khelef.

Naye alizoea kuwaambia. Farasi mweusi, shingo nene, mbio tisa alizoshinda, na mbili kati ya hizo zilikuwa zile kubwa za Machi. Alipotoka bandani farasi wengine walinyamaza. Ndivyo Khelef alivyosimulia kwa miaka kumi na miwili.

Sarim alikuwa na miaka mitatu. Alikuwa amekimbia mara tatu na kushinda zote, ya mwisho kwa urefu wa farasi sita. Kwenye simu za watu wa farasi picha yake ilizunguka na maneno kwamba Mirwad amerudi. Mkufunzi wa pale, Mundhir, Mwomani ambaye wazazi wake walihamia Maskati kutoka Unguja, alikuwa akisema waziwazi kwamba huyu ni zaidi ya Mirwad. Lakini Khelef alipomtazama Sarim hakumwona Mirwad. Aliona shingo nyembamba, aliona farasi anayeshtuka kila ndoo zikigongana. Halafu alitazama saa ya kuhesabia sekunde kila asubuhi, na saa ilimwambia vingine. Mambo mawili hayo yalikuwa hayamkai pamoja kichwani.

Ijumaa alikwenda msikitini, na katikati ya hotuba akajikuta anafikiria miguu. Nyumbani kwake Al Quoz, vyumba viwili nyuma ya karakana ya vioo, mkewe Mwanatumu alikuwa ameandaa chakula. Mwanatumu ni mpishi katika shule moja ya karibu, na Ijumaa ndiyo siku wanayokula pamoja mchana. Khelef alikula matonge matatu, akaondoka kwenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama tena.

"Baba Fairuz, kaa basi. Unanitia kizunguzungu."

"Madam anataka jibu."

"Si umpe?"

"Nitampa lipi? Nikisema ni kama Mirwad nitakuwa nimesema uwongo. Mirwad alikuwa hatishwi na kitu yule. Alikuwa anajijua."

Mwanatumu alicheka, akaacha kula. "Mirwad yupi huyo? Si yule aliyekung'ata bega ukaja hapa na fulana ina damu?"

"Hiyo ilikuwa mwanzo."

"Mwanzo gani wa mwaka mzima? Nilikuwa na mimba ya Fairuz, nakumbuka vizuri. Kila ukirudi unaniambia, farasi yule hasara tupu, anaogopa geti, anaogopa hata kivuli cha lori. Ulikuwa unaomba wamuuze, bwana wewe!"

Khelef alikaa. Binti yao Fairuz, anayesoma Pemba kwa bibi yake, alikuwa ametimiza miaka kumi na mitatu. Khelef alihesabu kurudi nyuma. Mwaka ule Mirwad alikuwa na miaka mitatu.

Alichukua simu akatafuta mbio za Mirwad za mwaka ule. Ilimchukua muda kuzipata, picha zenyewe zilikuwa na ukungu. Farasi wanane. Mirwad alikuwa nyuma tangu mwanzo, mdomo wazi, kichwa kimeinuka juu kama anayetafuta njia ya kutokea, na alimaliza wa sita. Kisha picha ikaonyesha saisi anakuja kumpokea, kijana mwembamba mwenye ndevu chache, na kijana huyo alikuwa yeye. Khelef aliitazama mara nne. Hakukumbuka mbio zile hata kidogo. Hakukumbuka hata fulana aliyovaa.

Basi miezi yote hii alikuwa akimpima farasi wa miaka mitatu kwa farasi wa miaka mitano, na huyo wa miaka mitano naye alikuwa amemnenepesha kwa maneno yake mwenyewe. Ukiwaweka umri mmoja, Sarim alikuwa mbele, tena mbali. Jibu likawa limepatikana. Lakini hakutulia. Alitoka nje, akazunguka mtaa mzima kwenye jua, akarudi amelowa jasho.

"Umepata jibu, sasa una nini?" Mwanatumu aliuliza.

"Nimejidanganya miaka yote. Nitaaminije macho yangu leo?"

Jumamosi alfajiri basi la kazini lilipomshusha, alimfuata Mundhir ofisini. Mundhir alikuwa mdogo wake kwa miaka kumi na zaidi, na siku zote alimwita ami.

"Nataka Sarim akimbizwe pamoja na Dukhan leo," Khelef alisema. Dukhan alikuwa farasi wa miaka minane, mjeuri, asiyependa kupitwa.

"Ami Khelef, zimebaki wiki tatu."

"Mita elfu moja tu. Mbio zote tatu alizoshinda hakuna aliyemfikia. Hatujamwona akibanwa."

Mundhir alifikiri kidogo, akakubali. Pengine na yeye alitaka kuona.

Sarim alipandwa na Yekoniya, Mganda, ambaye ndiye aliyekuwa akimkimbiza kila siku mazoezini. Dukhan alipandwa na Rogers, Mkenya kutoka Nairobi. Khelef na Mundhir walisimama kwenye uzio. Farasi walikuja shoti kutoka upande wa mashariki, Sarim mbele, mchanga unaruka nyuma yake. Zilipobaki mita mia nne Rogers alimwachia Dukhan, na yule mzee akaja, akafika ubavuni, akatia kichwa mbele. Sarim alilaza masikio. Kwa hatua mbili au tatu aliyumba, kama hajui afanye nini. Kisha akajikunja, akajivuta, akampita Dukhan na kumwacha.

"Mzee, huyu ana moyo!" Yekoniya alipiga kelele kutoka mbali. "Nimesikia mwenyewe chini yangu!"

Mundhir alimwonyesha Khelef saa. Hawakuwahi kuandika kasi kama ile pale kwao, hata wakati wa Mirwad aliyekomaa.

"Sasa?" Mundhir alisema, anacheka. "Bado unataka nini?"

Khelef alimchukua Sarim kumtembeza apoe. Alimtembeza mizunguko sita, na pumzi ilikuwa bado haijashuka. Wengine hupoa kwa minne. Adhuhuri alimwekea shayiri, na alasiri akakuta nusu imebaki. Akaingia bandani, akachuchumaa, akapitisha kiganja kwenye mguu wa mbele wa kushoto, chini ya goti. Pana joto. Akashika wa kulia, halafu akarudi wa kushoto. Joto lilikuwapo, au alidhani lipo. Alinawa mikono kwa maji baridi akajaribu tena, kwa mkono mwingine. Akamwita Yekoniya.

Yekoniya alishika, akafumba macho. "Mimi sioni kitu, Mzee. Miguu yote sawa tu."

Daktari wa farasi aliitwa. Alibonyeza, akaukunja mguu, akapiga picha kwa mashine yake ndogo, akamtembeza farasi kwenye sakafu ngumu na kurudi. Mguu ni mzima, alisema. Chakula? Labda joto la mchana.

"Unautafuta ugonjwa, ami," Mundhir alimwambia walipobaki wawili. Hakusema kwa ubaya. "Ukiutafuta sana utauona."

Khelef aliona kwamba huenda ni kweli. Kabla ya kupanda basi alirudi banda namba saba mara tatu.

Jumapili madam Raghad alikuja saa tatu asubuhi. Mundhir alikuwapo, na karatasi ya kasi ya Jumamosi ilikuwa mkononi mwake. Madam hakuitazama kwanza.

"Haya, Khelef."

"Madam, kwanza nilikuwa nakosea," Khelef alianza. "Mirwad niliyekuwa nawasimulia ni yule wa mwisho. Alipokuwa na miaka mitatu alikuwa bure. Nilisahau, mke wangu ndiye aliyenikumbusha. Sarim leo ni bora kuliko Mirwad wa umri huu. Mbali sana."

Mundhir aliachia tabasamu.

"Lakini ningekuwa mimi, nisingempeleka Machi."

"Kwa nini?"

"Jana alibanwa, akajitoa. Akatoa kila alichokuwa nacho. Halafu hakupoa upesi, na hakula. Mirwad yule mjinga alikuwa hatoi kitu, mbio nzima anaogopa tu, ndiyo maana mwili wake ulipata muda wa kukomaa. Huyu anatoa, na mwili bado mchanga. Na mguu wa kushoto una joto."

"Daktari ameuona," Mundhir aliingilia. "Kasema mzima. Saa inasema, daktari anasema, mpandaji anasema. Khelef anasema mkono wake!"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tupu.

Madam aliingia bandani mwenyewe na viatu vyake vyeupe. Aliinama akashika mguu. Alikaa hivyo kitambo, na Sarim akamnusa kitambaa cha kichwani.

"Mimi sijui joto la farasi likoje," alisema alipotoka. "Khelef, una hakika?"

Hapa ndipo angeweza kusema ndiyo na kumalizana. "Sina, madam," alisema. "Hakika sina. Ila sitaki."

Madam alitazama simu yake, akatazama mchanga wa uwanja wa mazoezi. "Khalas," alisema. "Hatumwandikishi. Apumzike."

Machi ilifika. Masaisi walipelekwa uwanjani kwa basi kwa sababu walikuwa na farasi wengine wawili siku hiyo. Mbio za farasi wa miaka mitatu zilipoanza Khelef alikuwa kwenye uzio wa wafanyakazi. Aliyeshinda aliitwa Qasid, na watu wote wa banda lao walimjua Qasid, kwa sababu mwezi wa Januari ndiye aliyekuwa wa pili nyuma ya Sarim, kwa urefu ule wa farasi sita. Hakuna aliyemtazama Khelef. Rogers alitema mate mchangani, akasema peke yake, "Hiyo ilikuwa yetu, bana." Madam alipita kwenda kuwapongeza wenye Qasid, akampa Khelef salamu ya kawaida.

Mguu wa Sarim haukuvimba. Wiki zilipita, miezi ikapita, haukuvimba wala farasi hakuchechemea. Khelef aliushika asubuhi na jioni. Ikiwa haukuvimba kwa sababu ulipumzishwa, basi alikuwa amemwokoa. Ikiwa haukuvimba kwa sababu haukuwa na kitu, basi alimnyima mbio zake kubwa kwa woga wa mtu mzima. Hapakuwa na njia ya kujua, na hilo ndilo lililomtafuna. Alimwuliza daktari tena. Daktari akainua mabega. Alimwuliza Mwanatumu, naye akasema, "Ulisema unachokiona. Ungefanya nini zaidi?" Likizo ya kiangazi Mwanatumu alikwenda Pemba peke yake. Khelef alibaki, akisema mabanda hayana mtu, ingawa watu walikuwapo.

Agosti Mundhir alipata kazi Abu Dhabi akaaga. Alimpa kila saisi mkono. Wa Khelef aliushika kidogo, akasema, "Inshallah tutaonana uwanjani," akaenda zake.

Novemba walimpeleka Sarim kukimbia kwenye uwanja wa Jebel Ali. Mchana ulikuwa mweupe, na upepo wa bandarini ulikuwa ukivuma kutoka kushoto. Sarim alikuwa amejaa, kifua kimepanuka, shingo imepata nyama. Uwanja ule una mlima mwishoni na huwamaliza farasi wengi. Kwenye mlima alipitwa, na Khelef akaona kichwa cha farasi mwingine mbele. Aliacha kutazama. Aliinamisha uso akatazama kamba iliyokuwa mikononi mwake mpaka Yekoniya alipomkumbatia kwa nyuma akimtikisa. Sarim alikuwa ameshinda kwa shingo.

Kila mshindi hupelekwa chumba cha pembeni atoe mkojo upimwe kama amepewa dawa, na saisi ndiye anayekaa naye. Mtu wa ofisi alisimama na kikombe chenye mpini mrefu, anatazama saa. Farasi hukojoa akipigiwa mluzi, na masaisi wote wanajua hivyo. Khelef alipiga mluzi. Sarim alitafuna majani. Simu ilitetemeka mfukoni, Mwanatumu anapiga, na hakuweza kupokea kwa sababu midomo ilikuwa na kazi. Nusu saa ilipita, midomo ikamkauka, akanywa maji akaendelea. Alijua kwamba farasi huyu huenda angeshinda Machi, na alijua pia kwamba huenda angevunjika mguu Machi, na mambo yote mawili yalikuwa yamesimama pale chumbani pamoja naye, hakuna lililotaka kutoka.

"Hataki huyu," mtu wa ofisi alisema.

"Atataka," Khelef alijibu. Akasogea karibu na tumbo la farasi, akaanza tena, taratibu, na safari hii Sarim akapanua miguu ya nyuma.